Mwaka Tuliojifunza Kutomsaidia Madam Zuhura

Alhamisi iliyopita nilikuwa nachambua mchele Madam Zuhura aliponipigia simu kunieleza kwamba kaka yake, Mzee Bakari, amefariki. "Inna lillahi, Paskalina. Bakari ametutoka alfajiri." Mtu aliyelelewa angetoa pole hapo hapo. Mimi nilibaki na ungo mapajani, nikiisikiliza ile sauti, kwa sababu ilisikika neno kwa neno, na nakumbuka mwaka ambao sauti hiyo hiyo haikuweza kuvuka meza. "Upo?" akauliza. "Nipo, Madam. Pole sana." Kisha nikaanza kulia, jambo lililonishangaza mwenyewe, maana huyo mzee nilimwogopa kuliko mwalimu wa nidhamu, na kwa miezi minane mizima nilimwomba Mungu asifike.

Jioni nikatoa madaftari yangu ya shajara chini ya kitanda. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na watu wazima wananiambia mtu wa umri huu hana kumbukumbu, ana juzi tu. Labda. Lakini yule msichana wa kidato cha tatu aliyeandika kurasa hizi, aliyekuwa akijibu maswali darasani huku anatazama viatu vyake, namwona mbali kama mtu wa ng'ambo ya bonde. Habari za kwetu Gehandu, za ukoo na za zizi, naziacha. Mwaka ule ulikuwa wa nyumba nyingine.

Nilihamia kwa Madam Zuhura Januari kwa sababu bweni lilijaa, na kutoka kwetu hadi shuleni Nangwa si safari ya kwenda na kurudi kila siku. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Tanga, mjane, wanawe wameshaoa na kuolewa huko mbali. Nilipewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Kilinuka mahindi na dawa ya wadudu, na dirisha lake lilionyesha mlima Hanang siku ambazo mawingu yalikubali. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na pembeni mswala uliokunjwa juu ya kiti. Nyumba ilikuwa ya baridi kama nyumba zote za huku, lakini jikoni kulikuwa na pwani. Madam alikuwa akiletewa nazi na madereva wa malori, akawa anaunga maharage kwa tui. Jirani yetu, Mama Basili, mama wa Kiiraqw anayesema lolote linalomjia, alionja siku moja akaweka kijiko chini taratibu. "Madam, samahani. Haya maharage umeyafua?" Mimi nilicheka hadi nikakohoa. Madam alimtazama tu. Uso wake haukusogea hata kidogo, na Mama Basili akaondoka mapema akidhani amemkosea mwenyeji.

Uso huo ulinitesa. Februari niliandika: *Madam hanipendi. Nikimwamkia anaitikia marahaba kama anaiitikia mvua.* Darasani nilikaa dawati la mbele, si kwa sababu ya akili bali kwa sababu aliyefika mwisho alikalishwa mbele, na huko ndiko nilikoliona jambo la mwandiko. Alianza mstari ubaoni kwa herufi kubwa kama viganja, akaumaliza kwa herufi ndogo kama punje za ulezi. Ilikuwa kama kutazama kundi la ng'ombe likielekea ziwa Balangida: hapa karibu unaona hadi pembe, kule mbele ni madoa ndani ya vumbi. Wenzangu walisema anabana chaki. Samweli, aliyekaa nyuma na hakuwahi kuogopa kitu, akanyoosha mkono. "Madam, sisi wa huku tunasoma kwa imani." Darasa likapasuka. Madam akageuka, pole pole, mwili mzima kwa pamoja kama mlango, akatutazama kwa ule uso, na kicheko kikafa. Jioni yake tukiwa tunakula makande akasema, "Yule Samweli ana maneno. Alinichekesha." Nikajikaza nikauliza, "Mbona hukucheka, Madam?" Akatafuna kwanza. "Nilicheka. Haikutoka nje."

Nililiandika neno hilo na kulipigia mstari. Sikujua kwamba nimeandika dalili ya ugonjwa.

Likizo ya Aprili alikwenda hospitali ya rufaa, akarudi na jina: Parkinson. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kutetemeka ukiwa umepumzika, kama unahesabu pesa zisizokuwepo, na simu haikukaa sikioni. Kwa hiyo aliilaza mezani na kuiweka sauti ya nje, na ndivyo nilivyosikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu, nikiwa nimesimama koridoni na sufuria. "Zuhura, imetosha," alisema Mzee Bakari. Sauti yake ilijaza nyumba. "Umefundisha maisha yako yote. Shule ikifungwa Desemba nakuja kukuchukua. Utakaa barazani kwangu, utaletewa kila kitu. Hutanyanyua hata kijiko." Madam akajibu kwa ile sauti yake iliyokuwa imeanza kupungua, "Nisiponyanyua kijiko, Bakari, nitanyanyua nini?" "Unasemaje? Sikusikii." Akarudia. "Zuhura, sikusikii!" Ndipo akageuka akaniona. "Paskalina. Njoo umwambie."

Mimi, ambaye nilikuwa namtuma Samweli dukani ili nisiongee na muuzaji, nikainama juu ya simu. "Shikamoo, mzee. Anasema asiponyanyua kijiko atanyanyua nini." "Wewe nani?" "Mimi ni... mwanafunzi." Madam akaendelea kunong'ona na mimi nikapaza. Anasema darasa lake linaingia kidato cha nne mwakani na hataki kuliachia njiani. Anasema ukija Desemba ukamkuta amekaa, umchukue, hatabisha. Ukimkuta anatembea na kuingia darasani kwa miguu yake, umwache. Mzee Bakari akavuta pumzi. "Haya. Desemba. Mwambie nampenda, ndiyo maana." "Amesikia, mzee," nikasema. Nilipoinua kichwa sufuria ilikuwa bado mkononi na makande yamepoa.

Sasa sikiliza tulivyomsaidia. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeujua. Mmoja alisema ni presha, mwingine akasema ametupiwa kitu. Ila sote tulikubaliana jambo moja, kwamba mgonjwa hafanyi kazi, na mwalimu mgonjwa zaidi sana. Kabla hajarudi kutoka hospitali, akina mama wa jirani walikuwa wameshapalilia shamba lake lote la mahindi na maharage. Mama Basili alimtekea maji. Wavulana walibeba kiti chake kutoka darasa hadi darasa. Madaftari yalipokelewa mikononi mwake tangu getini. Ubaoni niliandika mimi, kwa kuwa nilikaa mbele, naye akasoma kutoka kwenye kiti. Akitaka kusimama, mikono minne ilimfikia kabla hajajaribu. Tulikuwa na adabu mno. Kufikia mwisho wa Mei hakuweza kuinuka kutoka kwenye kochi bila kuvutwa, na usiku nilisikia jinsi anavyohangaika kugeuka kitandani.

Hospitali ilimwelekeza kwa kijana mmoja wa mazoezi ya viungo pale Katesh, Eliya, mtoto wa wafugaji wa Mbulu. Watu walimwita dokta naye alikataa kila mara. Alimwambia Madam ainuke kwenye kiti, nami nikaruka kumshika. "Binti, kaa," akasema. Kisha akaanza kuniuliza mimi. Nani anateka maji? Mimi na Mama Basili. Nani anafagia? Mimi. Nani anapika? Mimi. Nani anaandika ubaoni? Mimi. Akamgeukia Madam. "Mwalimu, mazoezi yako yote anafanya Paskalina. Sasa mgonjwa ni nani?"

Akatueleza taratibu, na usiku niliandika nilivyoelewa. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini, na hicho ndicho kinachofanya mwili utembee bila kufikiria. Kwa Madam, seli za kukitengeneza zinakufa pole pole. Vidonge vinajazia. "Na mazoezi?" akauliza Madam. Eliya akasema, "Mnajua njia ya ng'ombe ya kwenda lamboni. Mvua ikiibomoa, ukiwaswaga kila siku watajikanyagia nyingine pembeni. Ukiwafungia zizini, hata ile iliyobaki itaota majani." Alisema inaelekea kwamba mazoezi, hasa ya nguvu, yanausaidia ubongo kutumia vizuri zaidi dopamini iliyobaki, na kuzoea njia nyingine za kuuamrisha mwili. "Yanaponya?" Madam akauliza. "Hapana, mwalimu. Atakayekuambia yanaponya ni mwongo. Kutembea kwako yatakusaidia, hilo nimeliona kwa macho. Kama yanauchelewesha ugonjwa wenyewe huko ndani, wataalamu wanatumaini, wanachunguza, hawajaweza kuapa. Na vidonge huachi." Baadaye njiani Madam akaniambia, "Nimempenda. Hajanidanganya."

Masharti yalikuwa machache. Atembee asubuhi kwa haraka kiasi kwamba aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Hatua ziwe kubwa, kama anavuka mfereji, na ahesabu kwa sauti, maana sauti nayo ni misuli. Aandike ubaoni mwenyewe, herufi kubwa kupita anavyodhani inafaa. Na mimi nisimsaidie mpaka aniombe. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Jaribu wewe, huku kwetu, kutembea mikono mitupu nyuma ya mama wa umri ule aliyebeba madaftari arobaini! Wiki ya kwanza tu mwalimu wa nidhamu akatuona. "We Paskalina! Hiyo mikono yako ina kazi gani?" Ningeweza kumweleza. Nikatazama viatu vyangu. Nilifyeka nyasi nyuma ya vyoo vipindi viwili, wenzangu wakipita na kunung'unika kwamba nimekaa kwa Madam na hata mzigo simpokei. Jioni Madam akaniambia, "Pole. Nilikuona kupitia dirishani. Nikatoka nije kukutetea." "Sikukuona, Madam." "Ulipomaliza kufyeka nilikuwa bado niko njiani."

Tukacheka. Yeye kwa ndani, mimi kwa sote wawili.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, kwenye barabara ya kuelekea Mogitu, ukungu umekaa shambani na nyasi zimelowa. "Moja! Mbili!" alihesabu, mwanzoni kwa sauti ya mtu anayeongea na kikombe chake. Kila baada ya muda nilimwambia, "Imba, Madam," akijaribu na akaweza, nikasema, "Basi unatembea polepole, ongeza." Mimi! Kumwambia mwalimu aongeze! Watoto waliokuwa wakipeleka ng'ombe malishoni walisimama kando na fimbo zao. "Shikamoo, mwalimu. Unamfukuza nani?" "Marahaba. Namfukuza Bakari," akajibu, nao wakatazama mbele kumtafuta huyo Bakari. Nyumbani nilimchorea mistari ya chaki sakafuni penye kila mlango, kwa sababu mlangoni ndipo miguu yake ilipoganda, kama imepigiliwa misumari. Akiulenga mstari auvuke, mguu ulinyanyuka. Eliya alisema macho na hesabu vinauonyesha ubongo mlango wa uani pale ule wa mbele unapokwama.

Lakini mwezi wa Juni haukwenda sawa. Zilikuwepo siku alizotembea hadi mimi nikabanwa na kichomi, na siku ambazo hakufika hata getini. Alianza kukata tamaa. Siku moja aliketi kwenye ngazi ya mlango akasema, "Labda Bakari ana haki," na mimi sikuwa na jibu. Eliya alikuwa ameniagiza niandike kila siku alivyotembea, alivyolala, alivyokula. Kazi hiyo nilikuwa naijua. Tuliporudi kwake alisoma kurasa zangu, mimi nikitamani ardhi inimeze kwa aibu ya mwandiko, kisha akaweka kidole. "Jumapili mbaya. Jumatatu mbaya. Jumanne mbaya. Halafu anapata nafuu. Wiki zote. Jumamosi kuna nini nyumbani kwenu?"

Jumamosi kulikuwa na maziwa. Mama yangu alikuwa akileta dumu zima na pikipiki kutoka Gehandu, zawadi ya mwalimu anayemlea mwanawe, na lilitutosha siku tatu. Mimi niliyachemsha na kumpa Madam kikombe kikubwa kabisa asubuhi, amezee vidonge vyake. Kwetu huwezi kumpa mgonjwa dawa kwa maji matupu, ni kama kumwambia hafai. Eliya akaenda kumwuliza daktari, akarudi naye. Daktari akaeleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, maziwa na nyama hugombana na dawa hii mlangoni, tumboni, na dawa ndiyo inayoshindwa kuingia. Vidonge vinywewe kwa maji, asubiri, atembee, maziwa baadaye. Yaani hivyo tu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo nikalia, maana kila kikombe nilikuwa nimekipima kwa mapenzi na kukijaza hadi juu. Madam alinifuata. Ilimchukua muda, nilimsikia akihesabu. "Unalia nini?" "Nimekutilia kizuizi, Madam. Mwezi mzima." "Ulinipa ulichokuwa nacho kizuri kuliko vyote," akasema. "Nani angekufundisha kwamba maziwa yana saa?"

Julai tulivuna maharage. Akina mama wanne walitandaza turubai uani kwetu, wakasimama wawili huku na wawili huku, na fimbo zikaanza kushuka kwa zamu, pu, pu, pu, pu, makapi yakiruka. Madam akatoka ndani na kwenda kusimama penye nafasi. "Madam, kaa pale kivulini," Mama Basili akasema. "Wewe ni mgonjwa." "Nipe fimbo." "Jamani, nitawaambia nini watu?" "Waambie mgonjwa amekunyang'anya fimbo." Akapokea zamu. Mara ya kwanza alichelewa, ya pili akachelewa, kisha mdundo ukamchukua. Fimbo yake ilishuka mahali pake, ikapanda, ikashuka, na ule mkono uliokuwa ukitetemeka kutwa nzima mapajani mwake sikuuona ukitetemeka. Mama Basili aliukazia macho bila kuacha kupiga. "Kumbe mkono wenyewe hauumwi! Ulikuwa mvivu tu!" Na hapo nikaona, kwa mara ya kwanza tangu Januari, upande mmoja wa mdomo wa Madam ukipanda. Alipoketi mtetemo ulirudi. Usiku ulizidi hata nikaogopa tumemwumiza. Lakini aliamka ameshiba usingizi, akaulizia kama kuna jirani mwingine mwenye maharage.

Sitaki kuandika kana kwamba kila kitu kilinyooka. Agosti alianguka akichunguza mahindi, akachubuka shavu. Oktoba alipata wiki ya huzuni ambayo haikuwa na sababu, na Eliya akasema huzuni nayo ni sehemu ya ugonjwa. Ila Septemba nilipita mlangoni kwake jioni nikaona jambo ambalo sikumwambia kwamba nimeliona. Tangu nihamie pale alikuwa akiswali kiti­ni. Siku hiyo mswala ulikuwa chini, naye alikuwa kwenye sijda, paji la uso sakafuni, na nikasubiri nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Aliinuka. Alishika goti lake, akatulia, akainuka. Hakushika kitanda.

Mzee Bakari alifika siku mbili kabla ya shule kufungwa. Alikuwa mtu mrefu mwenye kanzu iliyonyooka, na baridi ya Nangwa ilimtesa tangu aliposhuka kwenye gari; alivaa koti langu la shule juu ya lake. Chakula cha jioni alimtazama dada yake akinyanyua kijiko, kikimwaga kidogo njiani, akageuza uso. Nilimsikia kupitia ukutani baadaye: "Zuhura, unatetemeka kuliko ulivyoniambia." "Natetemeka, ndiyo. Kesho njoo shuleni." "Nitakuja. Nimuage na mkuu wako wa shule."

Asubuhi Madam alitembea vizuri, vidonge kwa maji, hatua za mfereji, Mzee Bakari akitufuata kwa nyuma huku akihema. Darasani aliingia mwenyewe, akatuandikia ubaoni neno la kufungia mwaka, na Samweli akalisoma kwa sauti kutoka nyuma kabisa bila kukosea. Nilidhani tumeshamaliza. Kisha tukaenda ofisi ya walimu. Mlango wake ni mwembamba, ndani walimu wote walikuwa wamekaa wakinywa chai, na wote wakageuka kwa pamoja. Hapo Madam akaganda. Sikuwa nimechora mstari pale. Alihesabu, moja, mbili, na hakuna kilichonyanyuka. "Ndiyo haya niliyokuwa nayasema," Mzee Bakari akasema kwa sauti ya huzuni, na akanyoosha mikono yote miwili ili ambebe.

Eliya alikuwa ametuonyesha njia moja ambayo nilikataa kuifanya tangu mwanzo. Ukikosa mstari, weka mguu wako mbele ya wake, yeye auvuke. Lakini mtoto wa huku hanyooshi mguu mbele ya mkubwa. Kumtegea mwalimu wako mguu auruke ni tusi na ni mkosi vilevile, na kila Eliya aliponiambia nilitikisa kichwa. Nikawaona walimu wote wanatazama. Nikaiona mikono ya Mzee Bakari. Nikapenya kati yao, nikanyoosha mguu wangu wa kulia, na kiatu kilichochakaa ncha, nikauweka mbele ya vidole vya Madam Zuhura.

"Unampiga ngwala dada yangu?" Mzee Bakari akanishika bega. "Mtoto gani wewe usiye na adabu?"

"Usimshike," nikasema. Sikusema mzee, sikusema tafadhali. "Mwache. Anavuka mwenyewe." Sauti ilikuwa yangu lakini ilitoka kubwa, nadhani kwa kuwa miezi yote nilikuwa nahesabu naye barabarani. Bega langu lilikuwa bado mkononi mwake. Madam alitazama chini, kwenye kiatu. Akauhamisha uzito wake upande mmoja, mwingine. "Moja," akasema, ofisi nzima ikasikia. Mguu ukanyanyuka, ukapita juu ya wangu, ukatua ndani. Wa pili ukafuata. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza yake, akavuta kiti mwenyewe, akaketi, akamwambia mwalimu wa nidhamu, "Nisogezee chai. Hiyo nakuomba."

Mzee Bakari alibaki nje ya mlango. Aliniachia bega, akautazama mguu wangu ambao nilikuwa bado sijaurudisha. Nilitegemea kofi. Usiku tukiwa tunakula, akasukuma sahani kando. "Binti. Ule mguu. Nionyeshe unavyouweka." Tukafanya mazoezi pale koridoni, mzee yule na kanzu yake ameishikilia juu ya vifundo, dada yake akivuka mguu wake mara tano, mara kumi, hadi akasema, "Bakari, toa, umeshajua," nao wakacheka, na machozi yalikuwa ya mzee. Alikaa wiki nzima. Kila asubuhi alitufuata Mogitu akibaki nyuma. Nilipokuwa mtoto niliona amekuja kuharibu; sasa naona alikuwa anafanya kama sisi sote tulivyofanya Aprili na Mei, ila yeye alitoka mbali zaidi. Miaka iliyofuata alipiga simu kila Ijumaa, na hakuuliza Zuhura anaendeleaje. Aliuliza ametembea umbali gani. Ugonjwa haujaondoka. Vidonge vimeongezeka, kuna siku mbaya, na darasa letu Madam alilifikisha hadi mtihani wa mwisho. Alhamisi ile ile alikwenda Tanga kumzika, kwa basi, mwenyewe.

Siku Mzee Bakari alipoondoka tulimsindikiza hadi barabara kuu. Alipanda gari peke yake, akatoa kichwa dirishani. "Nilikuja kuchukua mtu, naondoka na mafua tu!" Tukampungia hadi vumbi likatulia. Kurudi ni mlima, jua lilikuwa limewaka, na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nusu ya njia nikamwambia Madam tukae kidogo kwenye jiwe la kando ya barabara. Akanitazama, mkono wake ukitetemeka kando ya gauni, jasho likimtoka chini ya ushungi.

"Wewe kaa," akasema. "Mimi natangulia."

Nikakaa. Nilimsikia akihesabu, moja, mbili, moja, mbili, akipita penye mashamba yaliyovunwa, hadi akafika kwenye kona na sauti ikaanza kupotea. Ilinibidi nikimbie kumfikia.